Wa Kwanza Kufika Ni Sisi

Chombo kikizama mbele ya Ngumbo, hapa mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, jioni ya leo, hakuna helikopta itakayotangulia. Watatangulia wavuvi wenye mitumbwi. Watafuata kina mama waliokuwa wakianua dagaa vichanjani, vijana wa bodaboda, mwalimu aliyekuwa akirudi nyumbani, mwenyekiti wa kitongoji na kandambili zake. Polisi watakuja, daktari atakuja, mkuu wa wilaya atakuja kutoka Mbamba Bay. Kila mmoja wao atafika akute sisi tumeshafanya jambo. Nataka tuzungumze ni jambo gani hilo.

Kwa upande wa mwili tumejiandaa. Mtoto wa mwambao huu anajua kuogelea kabla hajajua kusoma. Tunajua kumgeuza mtu aliyekunywa maji, tunajua kubeba majeruhi kwa machela ya miti na kanga. Msiba wenyewe haujawahi kutushinda: ndani ya saa moja turubai limefungwa, kuni zimepasuliwa, sufuria kubwa zimetoka kwa jirani, daftari la michango limefunguliwa. Ila yupo mtu mmoja ambaye mpaka leo hatujui tumfanyeje. Ni yule mama aliyekaa mchangani, kanga imelowa hadi magotini, anayetazama maji na kusema maneno yasiyoungana. Tunamzunguka watu kumi. Tunamwambia ajikaze. Asipojikaza tunamvuta mkono, tunamwingiza ndani asionekane. Keshokutwa turubai linafunguliwa, ndugu wa Songea na wa Dar es Salaam wanapanda gari, na yeye anabaki na ziwa lile lile mbele ya mlango wake.

Hapo ndipo tunapopaswa kubadilika, na uwezo wa kubadilika tunao. Ninachodai ni kimoja: kila kijiji cha mwambao huu, kuanzia Lituhi mpaka Mbamba Bay na kushuka zaidi kusini, kiwe na watu waliofundishwa kutoa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Wafundishwe mwaka huu, msimu ambao hakuna aliyezama. Nyavu hushonwa nchi kavu.

Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu wenzetu wameshanyolewa, na zetu bado hatujazitia maji. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache tu kabla ya kugusa gati la Ukara, wilayani Ukerewe. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kilichoruhusiwa kubeba abiria 101 kilikuwa kimebeba watu wengi mno kuliko hao, pamoja na magunia na mizigo ya sokoni. Waliokufa walizidi 220. Waliookolewa walikuwa 41. Waliowafikia kwanza ni wavuvi na wakazi wa Ukara wenyewe. Siku ya tatu fundi mmoja wa kivuko alitolewa tumboni mwa chombo akiwa hai, na nchi nzima ilishangilia, kama ilivyostahili. Ufukweni hapo hapo walikuwapo wazazi wanaofunuliwa miili mmoja baada ya mwingine wamtambue wa kwao. Fikiria mtu wa kawaida wa kijiji aliyesimama pembeni ya mzazi yule. Aseme nini? Amshike au asimshike? Ampe maji? Amwache alie? Hakuna aliyewahi kumfundisha.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, ikiwa na watu 43. Walikufa 19, wakapona 24. Tena ni wavuvi waliotangulia. Kijana Majaliwa Jackson, ambaye nchi nzima ililijua jina lake siku ile, alipiga kasia hadi kwenye ndege, akasaidia kuokoa watu, kisha akaumia na kupoteza fahamu akijaribu kuwafikia marubani. Alizinduka akiwa hospitali. Alipewa pongezi na fedha, ikaagizwa aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mimi humfikiria kila mvuvi mwingine aliyekuwa pale, ambaye hakupigwa picha: usiku ule alirudi nyumbani, akala au hakula, akalala au hakulala. Nani alimwuliza?

Na kwa wale wanaodhani maafa ni ya majini tu, nendeni kwa macho ya akili mpaka Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikafunika sehemu ya mji na vijiji jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Serikali ilipeleka maafisa ustawi wa jamii wakae na waathirika na kuzungumza nao. Lilikuwa jambo jema na la kupongezwa. Lakini walitoka mbali, na saa za kwanza zilikuwa za majirani, kama zilivyo kila mahali. Ndugu zetu Wamatengo wa Mbinga, wanaolima ngoro katika miteremko mikali kuliko paa la nyumba, hawahitaji kuambiwa mlima ukishiba maji unaweza kufanya nini.

Ziwa letu nalo lina kumbukumbu zake. Julai 1946, msimu ambao mwera huvuma kwa nguvu kutoka kusini, meli ya Vipya ilipinduliwa na dhoruba upande wa pili, maji ya Malawi ya leo, na watu 145 wakafa. Hilo ni moja lililoandikwa vitabuni. Mitumbwi inayopotea mmoja mmoja, watu wawili leo, watatu mwaka kesho, haiandikwi popote isipokuwa katika vichwa vya wajane. Na Nyasa lina kina cha mita 700 hivi sehemu yake ya chini kabisa. Mara nyingine halirudishi mtu. Familia inakaa bila kaburi, haijui kama ianze matanga au iendelee kungoja. Huo ni uchungu wa namna yake, na ndio unaotungoja sisi kuliko watu wa nchi kavu.

Je, jirani anaweza nini mbele ya uchungu kama huo? Twende Nairobi. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani walikufa watu 213 na kujeruhiwa maelfu. Siku hiyo hiyo Dar es Salaam walikufa 11. Katika miezi mitatu ya kwanza madaktari wakiongozwa na Frank Njenga, bingwa wa magonjwa ya akili wa Kenya, walikusanya majibu ya watu 2,883 walioguswa na mlipuko ule. Asilimia 35 walikuwa na dalili za msongo mkali wa baada ya tukio: wanashtuka, wanaota, wanaliona tukio upya mchana kweupe. Watafiti wakatafuta ni nani aliyeumia zaidi. Wakakuta waliojeruhiwa, waliofiwa, walioona mlipuko kwa macho, walioishiwa fedha baadaye. Hayo yanatarajiwa. Katika orodha hiyo hiyo likamo jambo lililonifanya nisimame nilipolisoma: walioumia zaidi ni pamoja na wale ambao hawakumweleza rafiki yaliyowakuta.

Lisome tena, mtu wa Ngumbo. Jeraha huwezi kulizuia, kifo huwezi kukirudisha, hasara ya nyavu na injini huwezi kuilipa. Rafiki wa kumweleza unaweza kumtoa. Yupo kwako, ni wewe, hagharimu senti.

Isipokuwa kusikiliza nako kuna namna yake, na hapo ndipo mafunzo yanapoingia. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake walitoa mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya watu wasio madaktari: walimu, viongozi wa dini, wahudumu wa kujitolea, majirani. Kiini chake ni maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama mahali ni salama, nani ana shida ya haraka, nani ameshtuka kupita kiasi. Sikiliza bila kuchimba. Unganisha mtu na ndugu zake, na taarifa za kweli, na huduma. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kulipata somo hili kwa siku moja, wakiwamo wasiojua kusoma, kwa sababu linafundishwa zaidi kwa maigizo kuliko ubaoni.

Ngoja nionyeshe, maana jambo hili likielezwa kwa mbali linaonekana la hospitalini.

Yule mama yuko mchangani. Anayemfuata ni mama wa makamo, amefunzwa. Hasimami juu yake. Anakaa chini, kando yake, uso kwa usawa.

“Shikamoo mama. Mimi ni wa hapa Ngumbo, natoka kamati ya kijiji. Naomba nikae nawe kidogo.”

Mama hajibu. Aliyefunzwa hajibu kwa niaba yake, wala hajazi ukimya kwa hadithi za misiba mingine. Ananyoosha kikombe cha maji. Anamwekea kanga kavu mabegani. Anaona mikono inatetemeka na pumzi inakatika. “Mama, kanyaga mchanga kwa miguu yote miwili. Usikie unavyokuwa chini ya nyayo zako. Tuvute pumzi polepole, mimi nawe.” Wanavuta. Mara tatu, mara nne.

“Mwanangu yumo mle,” mama anasema.

“Nakusikia, mama. Mwanao yumo mle.”

“Watampata?”

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Tunataka kusema watampata, Mungu ni mwema. Aliyefunzwa hasemi asilolijua. “Sijui, mama. Mitumbwi minne iko inatafuta. Nikisikia neno lolote, nitakuja mwenyewe kukwambia. Nani wa kwako tumwite akae nawe usiku huu?”

Mama anamtaja dada yake, wa kijiji cha pili. Kijana wa bodaboda anatumwa. Basi. Ndiyo huduma yenyewe. Hakuna dawa iliyotolewa, hakuna hotuba. Lakini mtu aliyekuwa peke yake duniani ana kanga kavu, ana maji, ana mtu mmoja ambaye hajamdanganya, na dada yake yuko njiani.

Tazama pia kisichofanyika. Mama hakulazimishwa kueleza tangu mwanzo mpaka mwisho ilikuwaje. Zamani baadhi ya wataalamu waliamini mtu akishatoka katika maafa akalishwe kikao cha kusimulia yote, apende asipende. Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo. Vikao vya namna hiyo havikuonekana kusaidia. Akitaka kusema, sikiliza. Akitaka kunyamaza, nyamaza naye. Anayejua kunyamaza na mtu ana thamani kubwa ufukweni.

Na tuambiane ukweli kuhusu ndimi zetu. “Jikaze.” “Usilie, unamlilia shetani.” “Wewe una afadhali, fulani kapoteza wawili.” “Mwanaume halii.” Tunayasema kwa upendo, najua, tuliyapokea kwa wazee waliotupenda. Lakini kila moja linamfunga mtu mdomo. Hata “kazi ya Mungu haina makosa”, neno la imani ambalo mwenye msiba akilisema mwenyewe linampa nguvu, likisemwa na mgeni dakika kumi baada ya chombo kuzama linamwambia afunge kinywa. Imani ya mtu iache ije kwa wakati wake. Padri, shemasi, shehe, wote wana saa yao katika siku hiyo, na wao pia wafundishwe.

Watoto tunawaonea zaidi. Mtoto wa miaka sita anauliza baba yuko wapi, anaambiwa kasafiri. Anangoja. Kila boti ikitia nanga anakimbia gatini. Siku anaposikia ukweli kutoka kwa mtoto mwenzake shuleni, amempoteza baba na amepoteza imani na sisi sote tuliobaki. Mtoto aambiwe ukweli kwa maneno ya umri wake, na mtu anayemjua, akiwa amekaa karibu naye. Aambiwe pia kwamba si yeye aliyesababisha, maana watoto wengi huwaza hivyo kimyakimya. Arudi shuleni mapema, acheze, ale kwa saa zake. Na tukiona mtoto aliyeachwa peke yake au anayetendewa vibaya baada ya msiba, simu 116 ya msaada kwa mtoto ipo kwa ajili hiyo.

Kisha kuna mtu ambaye huwa hatumhesabu kabisa kati ya waliofikwa: nahodha aliyepona. Yeye alirudi, wenzake hawakurudi. Wiki haijaisha, mabarazani watu wanaulizana alikuwa amekunywa, au alitoa kafara, au kuna mkono wa mtu. Huyo anapita njia ya nyuma akienda kisimani. Hajui aanzie wapi kwenda kuwapa pole waliofiwa, kwa sababu anaogopa macho yao. Kama alikosea, vyombo vya sheria vipo na vifanye kazi yake. Lakini kumwacha mtu aliyeshindana na mawimbi usiku kucha azomewe na uvumi ni kumzamisha mara ya pili, na kijiji kinachofanya hivyo kinaweza kumpoteza kweli. Aliyefunzwa humfuata huyu makusudi. Humwuliza jambo dogo: umekula? Usiku unapataje usingizi? Naye huyo huyo aliyefunzwa ndiye anayeuzima uvumi, kwa kuhakikisha taarifa zinatoka mahali pamoja, kwa saa zinazojulikana, kutoka kwa mtu anayeaminika. Penye taarifa za kweli, mkono wa mtu hupungukiwa nguvu.

Nimwombe pia kila mwenye simu: miili ya ndugu zetu isiwe picha za magrupu. Kabla mama hajaambiwa na mtu, mwanawe ameshazunguka Songea, Mbeya na Dodoma akiwa amelala mchangani bila nguo. Kijana unayeinua simu, ishushe. Chukua shuka, funika. Hiyo nayo ni huduma ya kwanza, na huhitaji darasa kuitoa.

Najua pingamizi. Tutaambiwa huko kwetu hakuna wataalamu. Ni kweli, hospitali ya taifa ya Mirembe iko Dodoma, na hata kwa lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay iliyotufupishia njia bado Dodoma ni mbali. Ndiyo sababu yenyewe ya kujifunza. Watu wengi wanaopitia maafa hawageuki wagonjwa. Wanapata nafuu kwa muda, wakiwa na usalama, chakula, watu wao na mtu wa kusikiliza. Wachache ndio wanaohitaji tiba. Kazi ya aliyefunzwa ni kuwatambua hao wachache. Mtu anayesema hataki tena kuishi, usimwache peke yake hata kidogo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wiki zimepita na bado halali, hali, hawezi kuwaangalia watoto, au anasikia sauti wasizozisikia wengine: mpeleke zahanati, au hospitali ya Mtakatifu Anna pale Liuli, apate kuonwa.

Kama bado unadhani watu wa kawaida hawawezi, tazama Harare. Tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha mabibi wa mitaani, wengi wakiwa na elimu ndogo ya darasani, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu waliolemewa na mawazo. Kazi yao ni tofauti kidogo na hii ya siku za maafa, ni ya wiki kadhaa. Lakini ilipopimwa kitaalamu na matokeo kuchapishwa mwaka 2016, waliokaa na mabibi wale walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi! Na sisi tunao. Tunao tele, wamekaa barazani wakichambua kisamvu, na vichwa vyao vimebeba misiba ya vizazi vitatu.

Tena sisi hatuanzi mikono mitupu. Wamatengo wana sengu, mahali ambapo ukoo ulikula pamoja na kujadili mambo yake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walipofanya kazi na kijiji cha Kindimba waliifufua sengu hiyo kama kamati ya maendeleo, kwa sababu waliona watu hupanga vizuri zaidi ndani ya chombo wanachokijua. Huku mwambaoni tuna vikundi vya mganda na kioda, vyenye viongozi, sare, nidhamu na zamu. Tuna WAWATA ya Wakatoliki na umoja wa kina mama wa Anglikana, tuna VICOBA, tuna vikundi vya wavuvi vya BMU vinavyojua kila chombo kilichotoka na kila ambacho hakijarudi. Huyu tunayemtafuta afundishwe tayari ni kiongozi wa watu. Na wimbo wa maombolezo nani atatufundisha? Kapteni John Komba, aliyeifanya nchi nzima imlilie Mwalimu Nyerere kwa nyimbo mwaka 1999, ni mtoto wa Lituhi, na Lituhi ndiko alikozikwa. Watu waliomlea mtu wa namna ile hawashindwi kujifunza kukaa na anayelia.

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Katika vijiji vingi kamati hizo hukumbukwa mto ukishafurika. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kufikia wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Msalaba Mwekundu una watu wa kujitolea na uzoefu wa maafa. Milango ipo. Inangoja mtu wa kubisha hodi, na mtu huyo asitoke Dodoma. Atoke Ngumbo.

Basi tufanye hivi. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ule ujao, mtu mmoja anyooshe mkono, na asiogope kwamba ajenda ni ya barabara na maji. Aombe jambo hili liingie kwenye muhtasari kwa maneno haya haya: kamati ya maafa ya kijiji iwe na watu wanne kutoka kila kitongoji waliofundishwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Wanawake wawili, wanaume wawili. Mmoja wao awe kijana mwenye pikipiki, mmoja awe mvuvi anayelala ziwani, kwa sababu vikao vyetu vina tabia ya kuchagua watu wenye muda tu. Msichague wenye maneno mengi. Mchague yule ambaye watu humwendea jioni wakiwa na shida na siri zao hazijawahi kusikika sokoni. Kila kitongoji kinamjua mtu wake wa namna hiyo, na mara nyingi hajawahi kupewa cheo chochote. Utunzaji wa siri uwe sharti la kwanza: atakayetoboa, aondolewe.

Mtendaji wa kijiji aandike barua kwa mganga mkuu wa wilaya na afisa ustawi wa jamii wa wilaya kuomba mkufunzi wa siku moja. Ukumbi tunao, darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi. Chakula tunacho, ugali wa muhogo na dagaa havijawahi kuchangishiwa harambee. Fedha itakayohitajika ni nauli ya mkufunzi na chaki. Asubuhi wajifunze, mchana wafanye maigizo: huyu awe mama aliyepoteza mtoto, huyu nahodha, huyu mtoto anayeuliza baba yuko wapi, na wengine wawasikilize mpaka wazoee kutosema “jikaze”. Litakuwa gumu kuliko mnavyodhani. Litawatoa machozi baadhi yenu, kwa misiba ya zamani ambayo hamkuwahi kuulizwa. Muwaache walie, na mwenzao akae kando.

Siku ya tukio wafanye kazi wawili wawili, wapokezane, walale kwa zamu. Anayesikiliza maumivu ya wenzake tangu alfajiri mpaka usiku naye huumia, na kijiji kiwajibike kumwuliza ameamkaje. Baada ya arobaini warudi kwenye zile nyumba, maana watu wote watakuwa wameshaondoka. Warudi tena siku ya mwaka. Na kila mwaka, kabla mwera haujaanza kuvuma, wakae pamoja nusu siku, wakumbushane, waongeze watu wapya mahali pa waliohama au kufariki, wasahihishe namba za simu za zahanati, za polisi wa majini, za maboti yenye injini, wazibandike ofisi ya kijiji na kwenye mialo yote.

Mkishaanza nyinyi wa Ngumbo, Liuli watauliza mnafanyaje. Waelezeni. Lituhi watauliza, wapelekeeni watu wawili wakafundishe. Wa milimani kule Mbinga watataka, pandeni. Mkufunzi wa kwanza atatoka wilayani. Wa pili na wa tatu watoke kwetu. Mtendaji yuko ofisini Jumatatu asubuhi, na majina ya kitongoji chako unaweza kuyaandika leo.